Scotland wanafunga barabara juu ya kinga. Yetu inafungwa na nini?

Kila mwaka, mwezi wa tano, katika muji mudogo wa Pitlochry kule Scotland, maelfu ya watu wanaamka mapema, wanavaa nguo za kubana, wanapanda kinga na kuanza safari ya maili 85, ni kusema karibu kilomita 137. Wanazunguka ziwa Tummel na ziwa Rannoch, wanapita karibu na mulima wenye unaitwa Schiehallion, kiisha wanarudi pale pale walianzia. Mbio hiyo inaitwa Etape Caledonia, ilianza mwaka 2007. Haiko mbio ya mabingwa. Ni ya watu wa kawaida: mwalimu, muganga, fundi wa umeme, mama mwenye watoto watatu. Hakuna mwenye analipwa. Wao njo wanalipa ili wakubaliwe kupanda milima.

Ukieleza jambo hili kwa vijana wa hapa Oicha, wanacheka. Kulipa franga ili uende kutoka jasho? Hapa mutu anatoka jasho ili apate franga, na mara mingi hata hazipati. Wanasema wazungu wamekosa kazi ya kufanya.

Mimi sicheki. Ndani ya habari hiyo kuna jambo moja lenye linanigusa kama mutu wa sendika: siku ile, barabara inafungwa. Magari yanasimama. Polisi wanasimama pa njia panda kwa kulinda mwenye kinga, si kwa kumuomba kitu. Kuko mahali pa kunywa maji, kuko fundi wa kutengeneza, kuko muganga, na nyuma kabisa kuko gari yenye inaokota wenye wamechoka. Nchi nzima inakubali kwamba, kwa saa chache, mwenye kinga njo mukubwa wa barabara.

Tuangalie sasa kwetu. Mulima murefu kuliko yote ya Scotland, na ya Uingereza nzima, unaitwa Ben Nevis. Uko na metre 1.345. Butembo, mahali watu wanalala, wanauza na wanasomesha watoto, iko zaidi ya metre 1.700. Kwa hiyo mama mwenye anauza makala pa soko ya Butembo anakaa juu kuliko kilele cha mulima wao mukubwa. Na sisi bado tuko na Rwenzori yenye kufika metre 5.109. Kama ni milima, hatukukosa.

Urefu wa njia nao tuko nao. Butembo mpaka Beni ni kilomita 54. Beni mpaka Oicha, kwa kupita Mavivi na Mbau, ni karibu 30. Oicha mpaka Eringeti tena karibu 30. Jumla kama kilomita 114, na ukiongeza kidogo unaipata safari ya Pitlochry. Tofauti ni muzigo. Mutu wa Scotland anabeba chupa ya maji na ndizi moja mufukoni. Wa kwetu anabeba mukungu wote wa ndizi, na mwingine juu yake, ao mifuko ya kakao, ao bido za mafuta ya mawese, ao mbao. Kilo 100 ni kawaida. Kilo 150 haishangazi mutu. Pa chukudu tunapita hata hapo. Kwenye kupanda hakalii kinga, anaisukuma, kifua mbele, mukono mumoja pa fimbo yenye amefunga pa usukani. Kwenye kushuka anategemea kipande cha mupira wa gari ya zamani chenye kinagusa gurudumu la nyuma, ao anategemea viatu vyake. Mvua ikinyesha, anategemea Mungu.

Hiyo njo mbio yetu ya watu wa kawaida. Inafanyika kila siku, haina namba pa mugongo, haina mutu wa kupiga makofi pa mwisho. Na mwenye anaifanya hana cheo. Wanamuita "mutu wa kinga", basi.

Nimefanya kazi ya madini, ninajua namna mutu anapotea ndani ya kazi. Kule kwenye mashimo, mwenye kubeba mufuko wa mchanga kutoka chini kwenda kwenye maji analipwa kwa mufuko. PDG wa shimo hamujui jina. Anajua hesabu ya mifuko. Siku yenye mubebaji anavunjika mugongo, mwingine anachukua nafasi yake asubuhi. Pa barabara ni vile vile. Mwenye bidhaa anapatana na mutu mumoja mumoja, na kila mutu anaogopa kwamba akikataa bei, jirani ataikubali. Namna hiyo bei inashuka, hata kama bei ya kakao yenyewe inapanda.

Tufanye hesabu, kwa mufano tu, kila mutu ataweka namba zake. Tuseme kijana anapewa franga 15.000 kwa kuleta muzigo kutoka kijijini mpaka Oicha. Kinga si yake, anaikodi: 3.000. Pa njia kuko barieri mbili, kila moja 1.000: ni 2.000. Chakula na maji: 3.000. Mupira wa ndani umetoboka, fundi anaomba 2.500. Jumla 10.500. Inabaki 4.500 kwa siku nzima ya kusukuma, na kesho mwili unauma hawezi kurudi. Kwa hiyo ile 4.500 ni ya siku mbili. Nani atasema kijana huyo ni mvivu?

Kuko historia yenye sikuisoma pa shule, na ninaona vijana wetu wanapashwa kuijua. Mupira wa hewa, ule wenye uko pa kila kinga ya dunia, ulipewa hakimiliki mwaka 1888 kwa jina la mutu wa Scotland, John Boyd Dunlop, muganga wa nyama mwenye alikuwa anakaa Belfast. Alitengeneza mupira ule juu ya kinga ya magurudumu matatu ya mutoto wake, ili isimutikise pa mawe. Jambo zuri, la baba na mutoto. Lakini kiisha hapo, Ulaya na Marekani nzima zilitaka mupira. Na mupira ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye pori, na pori moja kubwa lilikuwa la Kongo, ndani ya dola yenye mufalme Léopold II alikuwa anaitawala kama shamba lake tangu 1885 mpaka 1908. Wazee wetu walilazimishwa kwenda kukata mipira ya pori, wake zao wakiwekwa kifungoni mpaka kilo zitimie. Kuko wenye walikatwa mikono. Raha ya kinga kule ilikuwa na bei, na bei ile ililipwa huku.

Siandiki hivi ili tuchukie watu wa Pitlochry. Mama mwenye anapanda kinga kule hana kosa. Ninaandika ili mutu asituambie kwamba kinga ni jambo la wazungu lenye halituhusu. Tuko ndani ya historia ya kinga tangu mwanzo, na tuliingia kwa mulango wa kazi ya bure. Leo bado tuko pa mulango ule ule, tunabeba. Haki yetu ni kuingia kwa mulango mwingine.

Na hakuna mwenye atasema Mwafrika hawezi. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ya milima kama yetu, alishinda etape tatu za Tour de France na akavaa maillot ya kijani mpaka mwisho. Hakuna Mweusi wa Afrika mwenye alikuwa ameshinda etape ya Tour mbele yake. Kwao, Asmara, watu wanakaa metre zaidi ya 2.300, na mutoto anakua akiona mbio za kinga pa barabara ya muji. Mapafu ya Girmay hayakutoka dukani.

Mwezi wa kenda 2025, mashindano ya dunia ya kinga za barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa pa udongo wa Afrika. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walikimbia kilomita 267 na nusu pa milima mitupu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na watu 30 tu njo walifika mwisho. Wengine wote waliacha njiani. Wakaaji wa Kivu waliangalia mbio hiyo kwa moyo wa kugawanyika, na haifai kuficha jambo hilo. Goma ilikuwa imeanguka mukononi mwa M23 miezi minane mbele, mwezi wa kwanza, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inaunga mkono kundi hilo, hata kama Kigali inakana. Bunge la Ulaya liliomba mashindano yaondolewe Kigali kama Rwanda haibadilishe njia. Hayakuondolewa. Barabara za Kigali zilifungwa juu ya kinga siku nane, wakati barabara zetu zilikuwa zimefungwa juu ya vita.

Hapo njo ninarudi kwa kichwa cha andiko hili. Barabara yetu, RN4, inafungwa pia. Tangu mwezi wa kumi 2014, wakati mauaji yalianza katika teritware ya Beni, imefungwa mara ngapi? Inafungwa siku ADF wamechoma magari. Inafungwa siku vijana wamekasirika na kuweka mawe juu ya mazishi ya wenye wamekatwa. Inafungwa saa ya kuvunga usiku. Kuko wakati magari yanapita tu kwa musafara wa askari, na mwenye kinga, mwenye hawezi kukimbia sawa na gari, anabaki peke yake nyuma ya vumbi. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tuko chini ya état de siège. Tangu mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule askari wa Uganda wako pamoja na FARDC ndani ya operesheni Shujaa. Na bado mutu wa kinga anajiuliza asubuhi kama atarudi jioni.

Ninajua maneno yenye nitajibiwa. Watu wanakufa shambani, na wewe unatuletea habari ya mbio za kinga? Ni swali la haki. Jibu langu ni hili: mutu mwenye anakufa pa njia ya shamba ni nani? Mara mingi ni mwenye kinga. Ni yeye anaingia mbali, kwenye kakao imekomaa, kwenye gari haifiki na moto inakataa juu ya matope. Ni yeye anajua njia zote. Akipotea, hakuna karatasi yenye inaonyesha kwamba alikuwa kazini. Hana kitambulisho cha kazi, hana musimamizi, hana mahali jina lake limeandikwa. Jamaa inalia, inazika, inarudia kutafuta chakula. Kwa hiyo kusema juu ya watu wa kinga ni kusema juu ya usalama, kwa mulango wenye hautumiwe sana.

Ninaomba nini basi? Mambo matatu, na moja tu njo ni la mbio.

La kwanza, watu wa kinga na wa chukudu wajipange. Sisi wachimbaji wa mikono, Kode ya madini yenye ilirekebishwa mwaka 2018 inatuomba kuwa ndani ya kooperative. Tulilalamika, na kuko kooperative zenye ni za mutu mumoja na shemeji yake, hiyo tunaijua. Lakini pale kooperative ni ya kweli, kuko liste ya watu, kuko sanduku, kuko mutu wa kusimama mbele ya shefu na kusema "sisi ni mia mbili" pahali pa kusema "mimi ni mumoja". Watu wa moto wako na shirika lao, wanajulikana kwa zhile na namba. Mwenye kinga anabeba kuliko moto na hana kitu. Waanze na likilimba ndogo pa kila parking: kila mutu anatoa kitu kidogo kwa juma, na pesa hiyo haigawanywe, inabaki kwa ajili ya mwenye ameanguka. Waandike jina la kila mutu, njia yenye anapita na siku yenye ametoka. Daftari moja ya franga chache ingesaidia jamaa nyingi kujua mutu wao alionekana wapi mara ya mwisho.

La pili, barieri. Ninajua kuko zenye ni za usalama, na mwenye akili hazikatae. Lakini usalama ni kuangalia kitambulisho na muzigo. Usalama hauhitaji franga 1.000 ya mutu mwenye hajapata hata franga 5.000. Tunaomba musimamizi wa teritware na burgumestre wa Oicha waseme mbele ya watu, pa redio: mwenye kubeba kwa kinga ao chukudu halipi kitu pa barieri. Ikisemwa wazi, mutu atakuwa na neno la kujitetea. Isiposemwa, kila barieri itabaki na sheria yake.

La tatu, njo mbio. Ninaomba Beni, Butembo na Oicha ziwe na mbio yao ya watu wa kawaida, siku moja kwa mwaka. Isifanane na ile ya Kigali ya mabingwa, wala isiwe ya kuiga Scotland. Iwe ya wenye wanabeba. Waanzie pa Butembo, washuke Maboya na Kabasha mpaka Beni. Kilomita 54 zinatosha mwaka wa kwanza. Kipande cha Beni mpaka Oicha kitaongezwa siku yenye askari na wakaaji, wote wawili, watakubaliana kwamba njia ni salama. Sitaki mutu afe kwa kuonyesha kwamba amani imerudi. Amani haionyeshwi kwa miguu ya masikini.

Sheria ziwe rahisi. Kuwe na kundi la kinga bila muzigo, kundi la kinga na kilo 50 zenye zimepimwa pa mizani mbele ya wote, na kundi la chukudu. Bamama na wasichana wawe na kundi lao, juu wako wengi wenye wanasukuma na hawaonekane. Hakuna kinga inaanza bila fundi kuangalia freni. Kaske ipatikane kwa kila mutu, na ibaki yake kiisha mbio. Msalaba Mwekundu wawe pa njia. Siku hiyo magari yasimame saa nne ao saa tano. Wafanyabiashara watanung'unika, na hilo haliko la kwetu peke yetu: hata kule Scotland, kuko wakaaji walikataa barabara yao ifungwe, na mwaka 2009 mutu alimwaga misumari pa njia, mamia ya mipira ikatoboka. Hawakuacha. Mbio iliendelea miaka yenye ilifuata. Tuko na wafanyabiashara wa Butembo wenye wanaagiza makontena kutoka Dubai na Uchina. Saa tano za barabara hazitawauwa.

Na neno moja la kukaza: hakuna T-shirt ya mwanasiasa. Hakuna picha ya muheshimiwa pa mugongo wa mutu wa kinga. Mwenye anataka kusaidia alete mipira, minyororo na freni. Zawadi ya mushindi isiwe bahasha tu. Iwe kinga mupya yenye iko na jina lake, ili kesho yake asirudie kukodi ya mwingine.

Kuko rafiki aliniuliza kama mbio hiyo itabadilisha bei ya kubeba muzigo. Peke yake, hapana. Lakini nimeona kwenye machimbo kwamba mutu anaanza kuomba haki yake siku yenye ameona wenzake wote wamesimama pahali pamoja. Mbele ya hapo, kila mumoja anafikiri taabu ni yake peke yake, labda juu hana nguvu, labda juu hana bahati. Ukikusanya watu wa kinga mia tatu pa Butembo asubuhi moja, watahesabiana. Wataulizana: wewe wanakulipa ngapi kutoka Kyondo? Wewe ulivunja mukono, nani alilipa hospitali? Mazungumuzo hayo njo ninayataka kuliko kombe.

Kwa hiyo ninawaandikia bameya wa Beni na Butembo, burgumestre wa Oicha, FEC, makanisa na société civile. Mbio haihitaji pesa mingi: inahitaji mizani, maji, waganga na barabara ya saa tano. Na kwa ninyi wenyewe, bandugu wenye mutasukuma kesho asubuhi: musingoje barua yangu ijibiwe. Anzeni na daftari. Pa parking yenu, leo jioni, muandike majina.